Kanuni za nishati za majengo katika jimbo la Washington: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasemaji wa Kiswahili wanaojenga, wanaopanga au wanaofanya kazi za ujenzi katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani: Kent, Tukwila, SeaTac, Tacoma, Spokane na kwingineko. Tumeanza na maswali ya msingi, kisha tukaingia kwenye mambo yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Misingi

1. Kanuni za nishati za majengo ni kitu gani?

Ni sehemu ya kanuni za ujenzi inayoweka kikomo cha joto, umeme na gesi ambavyo jengo linaruhusiwa kupoteza. Haziulizi kama nyumba itaanguka au itashika moto. Hayo yana kanuni zake. Zinauliza unene wa vihami joto ukutani na darini (ile sufi ya kioo au povu), ubora wa madirisha, nyufa zinazopitisha upepo, mtambo unaopasha nyumba joto, namna maji yanavyochemshwa, na aina ya taa.

Aliyekulia Mombasa au Bujumbura anaweza kuona huu ni urasimu mtupu. Pwani nyumba hujengwa ipitishe upepo, madirisha yakatazamana ili hewa itembee. Hapa nyumba inapambana na baridi karibu nusu ya mwaka, na kila ufa ni hela inayotoka nje. Halafu ukuta ukishafunikwa huwezi tena kuona ndani kuna nini. Atakayelipa bili miaka 40 ijayo hakuwepo siku fundi alipokuwa anajenga. Kanuni zinamsimamia huyo.

2. Kwa nini jimbo ndilo linaloamua, na si serikali kuu ya Marekani?

Marekani haina kanuni moja ya ujenzi kwa taifa zima. Mamlaka juu ya ujenzi yako kwa majimbo, na baadhi ya majimbo yameyakabidhi kwa miji na kaunti (swali la 21).

Serikali kuu haikosi mkono kabisa. Chini ya sheria iliyorekebishwa mwaka 1992, kila toleo jipya la kanuni za mfano (swali la 3) likitoka, Wizara ya Nishati huchunguza kama linaokoa nishati kuliko lililotangulia. Ikithibitisha hivyo, majimbo hupewa miaka miwili. Kwa majengo ya biashara, jimbo linatakiwa kuboresha kanuni zake zifikie kiwango hicho. Kwa nyumba za kuishi linatakiwa tu kupitia kanuni zake na kusema kama inafaa kuzibadilisha. Jimbo lisipofanya, hakuna adhabu. Ndiyo maana ukivuka mpaka wa jimbo unaweza kukuta nyumba mpya zinajengwa kwa kiwango cha miaka kumi na zaidi iliyopita.

3. IECC na ASHRAE ninazozisikia kwa wakandarasi ni nini?

Ni kanuni za mfano: maandishi yaliyotayarishwa na mashirika yasiyo ya serikali ili majimbo yachukue na kurekebisha. IECC hutolewa na Baraza la Kimataifa la Kanuni, ICC, kila baada ya miaka mitatu. Toleo la kwanza lilikuwa la 1998, na la karibuni ni la 2024. ASHRAE ni chama cha wahandisi wa mitambo ya joto na ubaridi. Kiwango chao namba 90 kilitoka mwaka 1975, miaka miwili baada ya mafuta kuadimika duniani, na kizazi chake, kinachoitwa 90.1, ndicho kipimo cha majengo makubwa na ya biashara.

Lisilojulikana na wengi ni nani anayepiga kura ya mwisho. Kwa miaka mingi IECC ilipitishwa kwa kura za maofisa wa serikali za mitaa na za majimbo. Mwaka 2021 ICC ilibadilisha utaratibu, na sasa uamuzi uko kwenye kamati zinazochanganya maofisa, wajenzi, watengenezaji wa vifaa na wengine. Kwa maoni yetu mabadiliko hayo yalipunguza sauti ya miji, na yaliongeza umuhimu wa kinachofanyika ndani ya jimbo lenyewe.

4. Washington ilianzaje? Mbona inaonekana kali kuliko majirani zake?

Kwa sababu iliungua vidole. Miaka ya 1970 wakuu wa mashirika ya umeme ya eneo hili waliamini kwamba mahitaji yangepanda bila kikomo, wakaanza kujenga mitambo mitano ya nyuklia kwa mpigo. Gharama ziliwashinda. Mwaka 1983 shirika lililosimamia ujenzi huo, WPPSS, lilishindwa kulipa hati za deni za dola bilioni 2.25. Wakati huo lilikuwa anguko kubwa kuliko yote ya hati za deni za umma nchini Marekani. Kati ya mitambo mitano ni mmoja tu uliokamilika, kule Hanford, na wananchi waliendelea kuilipia mitambo isiyozalisha chochote kupitia bili zao.

Kabla ya anguko hilo, Desemba 1980, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya umeme ya kaskazini-magharibi. Sheria hiyo ilitamka kwamba umeme uliookolewa uhesabiwe kama chanzo cha umeme, tena kipewe kipaumbele kuliko kujenga mtambo mpya. Baraza la majimbo manne, yaani Washington, Oregon, Idaho na Montana, likaandika mpango wake wa kwanza mwaka 1983, na ndani yake viwango vya mfano vya nyumba zinazopashwa joto kwa umeme. Tacoma ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuvikubali. Mwaka 1991 Washington ikaanza kutumia kanuni za jimbo zima zilizofikia kiwango hicho kwa nyumba hizo.

Mwaka 2009 sheria ya jimbo ikaweka shabaha: majengo yatakayopewa kibali chini ya kanuni za 2031 yatumie nishati pungufu kwa asilimia 70 kuliko yale ya kanuni za 2006, na kila toleo lipige hatua kuelekea huko. Kwa hiyo ukisikia kanuni "zimebana tena", fahamu kwamba baraza la jimbo linaloandika kanuni (swali la 5) linatekeleza amri ya sheria hiyo.

## Jinsi kanuni inavyopitishwa

5. Nani hasa anayeziandika?

Ni Baraza la Kanuni za Ujenzi la Jimbo. Lina wajumbe 15 wenye kura, wanaoteuliwa na gavana: madiwani na viongozi wa kaunti, maofisa wa majengo, wakandarasi, wasanifu, wahandisi, mwakilishi wa wafanyakazi, mwakilishi wa watu wenye ulemavu na wengine. Wabunge wanne hukaa nao bila kura. Chini ya baraza kuna vikundi vya ushauri wa kitaalamu vinavyochambua kila pendekezo, mstari kwa mstari.

Kanuni zikishapitishwa huingia kwenye sheria ndogo za jimbo, sura ya 51-11R kwa nyumba za kuishi na 51-11C kwa majengo ya biashara. Angalia mgawanyo huu vizuri, kwa maana unawapotosha wengi: ghorofa la kupangisha lenye ngazi nne au zaidi linahesabiwa upande wa biashara, hata kama ndani yake ni familia tupu. La ngazi tatu au chini ya hapo liko upande wa nyumba za kuishi iwapo kila makazi yana mlango wake wa kuingilia moja kwa moja kutoka nje.

6. Pendekezo linapita hatua gani hadi liwe sheria?

Linaanza na mtu. Mhandisi, chama cha wajenzi, shirika la mazingira, ofisa wa mji au raia yeyote anajaza fomu akionyesha maneno anayotaka yabadilishwe, sababu, gharama na nishati itakayookolewa. Baraza linatangaza kwa fomu iitwayo CR-101 kwamba linafikiria kubadilisha kanuni. Kisha vikundi vya ushauri vinakaa, mara nyingi kwa miezi mingi, na kwa kweli humo ndimo kazi inamofanyika. Pendekezo linakatwa, linaunganishwa na jingine, au linakufa kimya kimya kwa kukosa mtetezi.

Kinachobaki kinachapishwa kwa CR-102 kikiwa na maneno kamili, pamoja na tathmini ya jinsi kitakavyogusa biashara ndogo. Hapo umma unaitwa: kuna siku za kusikiliza maoni ana kwa ana na kwa njia ya mtandao, na muda wa kutuma maoni kwa maandishi. Baraza likipiga kura ya ndiyo, linatoa CR-103, yaani amri yenyewe.

Hata hapo bado. Sheria inadai uamuzi wa kanuni za jimbo zima ufanywe kabla ya Desemba 1, na usianze kutumika kabla ya kikao cha kawaida cha Bunge la jimbo cha mwaka unaofuata kumalizika. Maana yake wabunge wanapata nafasi ya kuingilia kati, na wajenzi wanapata muda wa kujiandaa. Tunauona huu kuwa utaratibu wa busara, hata kama unachosha.

7. Kwa nini kila miaka mitatu? Mafundi hata hawajazoea zile za zamani!

Mzunguko unafuata kanuni za mfano (swali la 3). Kuna sababu nyingine ya kiufundi: vifaa vinabadilika haraka. Pampu ya joto (mtambo wa umeme unaovuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani) iliyokuwa ikishindwa kwenye baridi kali miaka ishirini iliyopita leo inafanya kazi Spokane, na taa za LED zimefuta kabisa hesabu za zamani za umeme wa taa.

Malalamiko ya mafundi ni ya kweli, lakini. Fundi mdogo mwenye wasaidizi wawili hana idara ya kumsomea kurasa mpya. Mpango wa Nishati wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington hutoa mafunzo, fomu za hesabu na msaada wa kiufundi kuhusu kanuni za nyumba za kuishi. Uulizie huko kabla ya kununua vifaa.

8. Kanuni za toleo la 2021 zilipitishwa 2022. Mbona zilianza kutumika Machi 2024?

Hapa ndipo pana kisa kizima. Mwaka 2022 baraza lilipiga kura kudai pampu za joto, kwanza kwenye majengo ya biashara, kisha Novemba kwenye nyumba mpya za kuishi. Tarehe ya kuanza ilipangwa kuwa Julai 1, 2023.

Wakati huohuo kulikuwa na kesi California. Mji wa Berkeley ulikuwa umepiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya mwaka 2019, na chama cha wenye migahawa kikaushitaki. Aprili 2023 Mahakama ya Rufaa ya Tisa, ambayo mamlaka yake yanafika Washington pia, ilisema Berkeley imekosea: sheria ya taifa ya mwaka 1975 inaiachia serikali kuu kuweka viwango vya nishati vya vifaa vya nyumbani, na mji hauwezi kuizunguka kwa kukata bomba.

Baraza la Washington likaona kwamba kanuni zake zingeweza kuangushwa kwa hoja hiyohiyo. Mei 2023 likasogeza tarehe hadi mwisho wa Oktoba, kisha tena hadi Machi 15, 2024, huku likiandika upya. Sheria ile ya taifa ina mlango mmoja: kanuni za ujenzi zinaruhusiwa iwapo zinaweka lengo la nishati kwa jumla na kumwachia mjenzi kuchagua njia ya kulifikia, bila kumlazimisha kununua kifaa kinachozidi kiwango cha taifa. Washington ikapita hapo. Pampu ya joto haikulazimishwa tena. Ikawa njia rahisi zaidi ya kupata alama (swali la 11).

9. Mpango wa kura ya wananchi namba 2066 ulifuta kanuni hizi?

Novemba 2024 wapiga kura, takriban asilimia 52, waliukubali mpango huo. Ulikataza kanuni za nishati kupiga marufuku, kuadhibu au kukatisha tamaa matumizi ya gesi katika majengo. Machi 2025 hakimu wa mahakama ya Kaunti ya King aliamua kwamba mpango huo unavunja katiba ya jimbo, kwa sababu ulibeba mambo zaidi ya moja ndani ya kura moja. Waliouandaa wakakata rufaa.

Kwa aliye na mradi mkononi, kesi za namna hii haziahirishi mtihani wa mkaguzi. Fuata kanuni zinazotumika siku unayowasilisha maombi (swali la 15), na uulize ofisi ya majengo ya mji wako ni toleo gani wanalotumia leo.

10. Mtu wa kawaida kama mimi anaweza kusema nini kwenye baraza?

Anaweza kusema mengi, na tunasikitika kwamba wengi wetu hawaendi. Vikao ni vya wazi. Huhitaji kuwa raia wa Marekani wala mhandisi. Unaweza kuandika barua fupi: ninaishi ghorofa la tatu, hita yangu ya umeme ya ukutani inakula kiasi hiki kwa mwezi wa Januari, dirisha linavuja maji. Ushahidi wa aina hiyo hauletwi na mtu mwingine yeyote pale. Chama cha wajenzi kinakuja na hesabu ya gharama za kujenga, na kampuni za gesi zinakuja na mawakili. Anayelipa bili hana mtu mezani.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani mapema, wiki kadhaa kabla ya kikao, au mwombe kijana wako akusomee maelezo uliyoandika. Cha muhimu ni muda. Ukifika kwenye hatua ya CR-102 bado kuna nafasi, lakini ukifika kwenye CR-101 unasikilizwa zaidi. Kumlalamikia mkaguzi baada ya hapo ni kumwonea bure, yeye hakuandika.

## Kanuni zinadai nini, na nani analipa

11. Nyumba mpya inatakiwa iwe na nini?

Kwanza, vima vya chini visivyojadiliwa: vihami joto vya unene fulani, na madirisha yenye kipimo cha U kisichozidi 0.30. Kipimo hicho kinaonyesha kasi ya joto kupenya, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo dirisha linavyokuwa bora. Seattle yenye mvua na Spokane yenye theluji ziko kanda tofauti za hali ya hewa, ila jedwali la nyumba za kuishi ni moja.

Pili, jaribio la kuvuja hewa. Feni kubwa inafungwa kwenye fremu ya mlango, inavuta hewa hadi shinikizo lifike paskali 50, na mtaalamu anasoma ni mara ngapi hewa yote ya nyumba ingebadilika kwa saa. Toleo la 2021 linaruhusu mara 4 tu. Nyumba iliyobanwa hivyo lazima iwe na feni ya kuingiza hewa safi. Tafadhali usiizime kwa kubana matumizi. Ukichemsha maharage saa tatu jikoni huku feni imezimwa, mvuke utatua kwenye kuta za baridi, na baada ya miezi michache utaona ukungu mweusi nyuma ya kabati na watoto wataanza kukohoa.

Tatu, alama. Nyumba ndogo, chini ya futi za mraba 1,500, inatakiwa alama 5. Ya kati 8. Inayozidi futi 5,000 alama 9. Alama zinapatikana kwa pampu ya joto, kwa hita ya maji inayotumia pampu ya joto, kwa kuongeza vihami joto, kwa kubana nyumba zaidi, au kwa paneli za sola. Anayetaka hita ya gesi anaruhusiwa, ila ataanza nyuma na itabidi atafute alama kwingine.

12. Jiko langu la gesi litapigwa marufuku?

Hapana. Kanuni za nyumba za kuishi zimeelekezwa kwenye kupasha nyumba joto na kuchemsha maji, ambako ndiko nishati nyingi inakoishia. Jiko la kupikia haliguswi. Chapati na pilau viko salama.

13. Kanuni hizi si ndizo zinazopandisha bei ya nyumba?

Zinaongeza gharama za kujenga, na anayekataa hilo hasemi kweli. Kiasi hutegemea njia iliyochaguliwa: mjenzi aliyepanga alama zake tangu kwenye ramani hulipa kidogo kuliko anayezitafuta nyumba ikiwa imeshasimama. Kwa upande wa pili, Wizara ya Nishati ilikadiria kwamba nyumba zilizojengwa kwa IECC ya 2021 zinatumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 9.4 kuliko za toleo la 2018, na tofauti hiyo hurudi kila mwezi kwenye bili.

Hoja inayotugusa zaidi ni ya mpangaji. Anayejenga ghorofa la kupangisha ndiye anayenunua madirisha na hita, lakini mpangaji ndiye anayelipa umeme. Bila kanuni, mjenzi hana sababu ya kununua kitu bora, na mpangaji hana namna ya kukijua kabla ya kusaini mkataba. Familia nyingi za kwetu huko Kent na Tukwila ni wapangaji. Hakuna soko litakalowalinda katika hili.

Kanuni mpya, hata hivyo, hazigusi ghorofa lililojengwa zamani. Kama uko humo na kipato chako ni kidogo, ulizia mpango wa serikali kuu wa kuziba na kuhami nyumba, ulioanzishwa mwaka 1976 na unaoendeshwa na mashirika ya jamii ya kila eneo. Mpangaji anaweza kuomba, kwa idhini ya mwenye nyumba.

14. Mji wangu unaweza kuwa mkali kuliko jimbo?

Kwa nyumba za kuishi, hapana. Sheria inasema kanuni za jimbo ni kiwango cha chini na pia cha juu kwa kila mji na kaunti. Kwa majengo ya biashara mji unaweza kuzidisha lakini hauwezi kupunguza, na Seattle imekuwa ikifanya hivyo kwa muda mrefu. Ukikumbuka mgawanyo wa swali la 5, utaelewa kwa nini ghorofa la ngazi sita Seattle lina masharti tofauti na lile lililo ng'ambo ya mpaka wa mji.

## Hali za pekee

15. Niliomba kibali chini ya kanuni za zamani, sasa zimebadilika. Nianze upya?

La. Katika Washington maombi yaliyokamilika yanahukumiwa kwa kanuni zilizokuwa zikitumika siku yalipowasilishwa. Neno zito ni "yaliyokamilika". Ukipeleka ramani bila hesabu za nishati, ofisi inaweza kusema hujawasilisha kitu. Pia kibali hufa: usipoanza kazi ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida siku 180, au ukiitelekeza, utaomba kipya chini ya kanuni za wakati huo. Hifadhi risiti yenye tarehe.

16. Nabadilisha madirisha au naongeza chumba. Nyumba nzima itakaguliwa?

Kinachoguswa ndicho kinachotakiwa kufuata kanuni. Ukibadilisha dirisha lote pamoja na fremu, jipya lifikie kiwango cha sasa. Ukibadilisha kioo kilichopasuka tu, hayo ni matengenezo. Ukibomoa ukuta hadi uwazi wa ndani ukaonekana, ujaze vihami joto kabla ya kufunika. Chumba cha kuongeza kinafuata kanuni kama ujenzi mpya, ila kikiwa kidogo alama zake ni chache. Hita ya gesi ikiharibika kwenye nyumba ya zamani, hulazimiki kuhamia pampu ya joto.

17. Nataka kumjengea mama nyumba ndogo uani, au kugeuza gereji iwe chumba chake.

Sheria ya jimbo ya mwaka 2023 inaitaka miji iruhusu angalau nyumba mbili ndogo za nyongeza kwa kila kiwanja katika maeneo yaliyopangwa kwa ukuaji wa miji. Ikisimama peke yake inahesabiwa kama nyumba mpya ndogo, kwa hiyo alama 5 (swali la 11). Pampu ndogo ya joto ya ukutani, moja kwa chumba na sebule, huwa inakupeleka mbali.

Gereji ni jambo jingine. Ilijengwa bila kupashwa joto, sasa unataka ipashwe. Kwa hiyo sakafu, kuta, dari na lile lango kubwa vyote vinatakiwa vihamiwe. Tumeona watu wakiweka kitanda na hita ya kuchomeka, wakifikiri wamemaliza. Mama analala kwenye baridi ya zege, na siku ya kuuza nyumba chumba hicho hakihesabiwi.

18. Nimenunua nyumba ya kiwandani inayoletwa kwa lori. Nayo inafuata kanuni za jimbo?

Zile zenye cheti cha wizara ya nyumba ya serikali kuu, HUD, zina kanuni zao za taifa tangu 1976, na jimbo haliwezi kuziongezea masharti ya ujenzi. Usichanganye na nyumba za vipande zinazotengenezwa kiwandani na kuunganishwa kwenye msingi: hizo zinafuata kanuni za jimbo. Angalia bango la chuma lililopigiliwa ubavuni.

19. Jumuiya yetu inageuza duka kuwa kanisa (au msikiti). Na vipi majengo makubwa ya zamani?

Kubadilisha matumizi ya jengo kunaweza kuamsha kanuni za nishati za upande wa biashara, hasa kama matumizi mapya yanahitaji joto na hewa zaidi. Kwa kawaida, lakini, kitakachowagharimu zaidi ni milango ya dharura na njia za watu wenye ulemavu. Mleteni msanifu kabla ya kusaini mkataba wa pango.

Majengo makubwa yaliyopo yana sheria nyingine, ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Idara ya Biashara ya jimbo. Ilianza na yale yanayozidi futi za mraba 50,000, ikiwa na tarehe kati ya 2026 na 2028 kulingana na ukubwa, na baadaye ikaongezwa yale ya kuanzia 20,000. Ukumbi wa futi 8,000 haumo.

20. Mkaguzi amenikatalia na naona amekosea. Nifanye nini?

Mwombe akuandikie namba ya kifungu. Mara nyingi mabishano yanaishia hapo, kwa kuwa mmoja wenu atagundua alikuwa anasoma toleo jingine. Kama haitoshi, mwandikie ofisa mkuu wa majengo wa mji, kisha bodi ya rufaa ya eneo. Ofisa wa mji anaweza pia kuliomba baraza la jimbo litoe tafsiri rasmi ya kifungu. Usifunike ukuta wakati mnabishana. Ukifunika, utaubomoa.

21. Ndugu yangu yuko Texas, mwingine Maine. Utaratibu ni huu huu?

Hapana, na tofauti ni kubwa. Texas ilianza kutumia sura ya nishati ya kanuni za 2015 kwa nyumba za familia moja mnamo Septemba 2016, na sheria yake inazuia mabadiliko ya mara kwa mara. Colorado huiachia miji na kaunti, ila sheria ya 2022 ilizitaka kwanza zichukue IECC ya 2021 zinaposasisha kanuni nyingine za ujenzi. Massachusetts, tangu sheria yake ya 2008, ina kanuni za msingi pamoja na ngazi kali zaidi ambazo mji unachagua wenyewe. California ina tume yake ya nishati tangu miaka ya 1970, na kuanzia Januari 2020 nyumba mpya zinatakiwa kuwa na sola. Lakini mwaka 2025 bunge lake lilisimamisha mabadiliko mengi ya kanuni za nyumba za kuishi hadi 2031. North Carolina ilifanya jambo kama hilo mwaka 2023, wabunge wakiishinda kura ya turufu ya gavana.

Maine, ambako Wakongo na Warundi wengi wamefanya makazi Portland na Lewiston, ina kanuni za jimbo zinazosimamiwa kwa lazima na miji yenye wakazi 4,000 na zaidi. Katika mji mdogo kuliko huo unaweza usimwone mkaguzi kabisa. Anayenunua nyumba mpya huko na alipe mwenyewe jaribio la feni mlangoni kabla ya kusaini.